Sura ya Sita: Kila Kitu Huja kwa Boti

Songea hatuna bahari. Hapa Ruhuwiko chumvi ikiisha mtoto hutumwa dukani, na maji yakikatika tunajua pa kubeba ndoo. Ndiyo maana vijana wa kwetu wanaosomea uhifadhi, wakiota kupangiwa kisiwani, nawaeleza kwanza habari za boti. Wanyama watawakuta hukohuko.

Chukua Chumbe, kisiwa kidogo kilomita zipatazo 12 kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar. Mwaka 1994 serikali ilikitangaza kuwa hifadhi, msitu wake pamoja na miamba ya bahari iliyo upande wa magharibi. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe ya kale, wala hakina maji matamu ardhini. Wanaoishi pale hunywa mvua. Mapaa ya nyumba za wageni yametengenezwa kuikinga. Maji huchujwa, kisha hukaa kwenye tangi chini ya nyumba kungoja kiangazi.

Vyoo navyo havivutwi kwa maji. Kinyesi huachwa kioze kwa hewa mpaka kiwe mboji. Mgeni huona ni ubahili, kumbe sababu iko chini ya miguu yake: jiwe lile lina matundu kama sifongo, na shimo la choo lingevujia baharini. Palipo na mbolea nyingi mwani hushamiri, na mwani ukishamiri hufunika matumbawe hai. Hata maji ya kuogea hupitishwa kwanza kwenye vitalu vya mimea inayofyonza uchafu.

Halafu kuna panya. Panya weusi wamesambaa visiwani duniani kote kwa kupanda vyombo vya watu, na Chumbe walikuwepo, wakitafuna mayai ya ndege, miche na akiba ya jikoni. Mwaka 1997 waliangamizwa kwa chambo cha sumu. Kuua ni kazi yenye mwisho. Kuzuia wasirudi hakuna mwisho. Gunia la mchele, tenga la vitunguu, godoro jipya, vyote ni vya kukaguliwa, maana panya jike mmoja mwenye mimba anatosha kurudisha kazi mwanzo. Wanaolindwa kwa usumbufu huo ni pamoja na kaa wa nazi, anayeweza kufikia kilo nne, na paa nunga, mnyama adimu aliyehamishiwa hapo kutoka Unguja.

Walinzi wa Chumbe hawabebi bunduki. Wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani kabla ya kufundishwa kazi hii, na nadhani hilo limesaidia kuliko silaha. Mvuvi akivuka mpaka wa hifadhi anakutana na mtu anayejua bamvua ni nini, anayejua njaa ya siku za upepo mkali, na anayeweza kumweleza kwa lugha yake kwamba samaki wanaozaliana hapa husogea hadi nje, kwenye madema yake. Baada ya salamu, bila shaka.

Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria, ni habari nyingine: huko boti zilileta wanyama kwa makusudi. Kati ya 1966 na 1969 mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliachia sokwe 17 waliotoka Ulaya, baadhi wakiwa wameishi kwenye vizimba miaka mingi. Hawakufundishwa kutafuta chakula. Walijifunza, wakazaa, na uzao wao ungalipo. Lakini sokwe aliyezoea watu hawaogopi: madume wawili walioshambulia watu walipigwa risasi. Vifaru weusi 16 walioletwa miaka ileile ya 1960 walimalizwa na majangili.

Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Anayepangiwa huko kufuatilia sokwe atatembea saa nyingi msituni akisoma viota, matunda yaliyotafunwa na kinyesi, akiwazoesha polepole kuona watu. Hapo kinachoogopwa zaidi hakionekani kwenye mzigo. Sokwe huambukizwa mafua yetu na hufa nayo, kwa hiyo mfuatiliaji anayekohoa hubaki kambini, hata kama ndiye anayeijua njia.