Meli ya Reli Iliyozamishwa Vitani na Ingali Inakumbukwa

Mkazi wa Kajiado akitajiwa reli hufikiria njia ya kwenda Magadi na mabehewa yanayobeba magadi. Lakini zamani wenye reli katika Afrika Mashariki walimiliki meli pia. Pale reli ilipoishia ziwani, meli ndiyo iliyowavusha abiria na mizigo. Ndivyo ilivyokuwa Kisumu, na ndivyo ilivyokuwa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika.

Wajerumani walifikisha Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mwaka 1914. Kampuni yao ya reli ilikuwa imeagiza meli ya mvuke ya abiria na mizigo, yenye urefu wa takriban mita 71, iitwayo Graf von Götzen. Iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni. Mafundi watatu kutoka Papenburg walisimamia kazi ya kuiunganisha upya Kigoma, na ikashushwa majini mwezi Februari 1915.

Kufikia wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Meli iliyokusudiwa abiria ikafungwa mzinga na kubeba askari. Mwaka uliofuata, majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia na Wajerumani kulazimika kuondoka Kigoma, waliamua isiangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe.

Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito ili maji yasizile, wakitumaini kwamba siku moja ingetumika tena. Uangalizi huo haukupotea bure. Waingereza, waliokuwa sasa wakitawala Tanganyika, waliiibua mwaka 1924 na kukuta injini bado zinafaa. Ilikarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini chini ya shirika la reli la Tanganyika kwa jina jipya: Liemba.

Kwa miongo mingi, Liemba iliunganisha vijiji vya ufuoni visivyo na barabara, kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia. Injini za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970. Mwaka 2015 ilitumika kuwahamisha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Waliokuwa wakiikimbia hatari waliokolewa na meli iliyokaa chini ya maji kwa miaka.

Somo kwa wakazi wetu

Mali ya umma hudumu kwa sababu kuna aliyeitunza, hata katika siku mbaya. Vivyo hivyo, bolti moja iking'olewa kwenye reli ya Magadi, au kifuniko cha mtaro kikiibwa Kitengela, anayeumia ni mwananchi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Ukiona mtu aking'oa vyuma vya umma, au ukiuziwa usivyojua vilikotoka, mwarifu chifu wako au kituo cha polisi kilicho karibu.