Mtoto wa Miezi Saba na Damu Ubongoni

Hapa kwetu Rhonda mtoto akizaliwa kabla ya miezi kutimia, maneno hayakosi. Huyu atasema mama alibeba mtungi mzito, yule atasema ni jicho la jirani. Mwaka jana katika ploti yetu alizaliwa mtoto wa miezi saba, nyumbani, usiku wa manane. Uzito wake ulikuwa gramu 1,200. Hebu fikiria ile pakiti ya unga ya kilo 2 tunayotumwa dukani: mtoto hakuifikia! Alikimbizwa hospitalini akiwa amefungwa leso. Siku ya pili akaanza kutetemeka mkono, mara pumzi ikakatika. Wauguzi wakamrudishia pumzi, na daktari akasema damu imevuja ndani ya ubongo.

"Nani alimwangusha?" nyanya yake akauliza kwa ukali.

"Hakuna, nyanya," nesi akamjibu. "Hakuanguka wala hakupigwa. Ni mishipa yake haijakomaa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Je, damu hiyo hutoka wapi? Katikati ya ubongo mna vyumba vyenye maji. Kando ya vyumba hivyo, mtoto akiwa bado tumboni, kuna mahali panapozalisha chembe za ubongo. Ni kama kitalu cha miche ya sukumawiki: miche huota pale, kisha huhamishwa shambani. Kitalu hiki huhitaji damu nyingi, lakini mishipa yake ni myembamba na kuta zake ni dhaifu. Mimba hukaa wiki 40 hivi. Kufikia karibu wiki ya 32 kitalu huwa kimepungua sana, na hatari hupungua. Kwa hivyo walio hatarini zaidi ni wanaozaliwa kabla ya wiki 32, au wenye uzito chini ya gramu 1,500.

Mtoto kama huyo akikosa hewa, akipata baridi au akirushwarushwa njiani, damu iendayo kichwani hupanda na kushuka ghafla. Mishipa haistahimili, hupasuka. Mara nyingi jambo hili hutokea katika siku 3 za kwanza. Wengine huonyesha dalili: kulegea, kupauka, degedege au utosi kuvimba. Wengine hawaonyeshi lolote. Ndiyo maana madaktari hupima kwa altrasaundi kupitia utosini, mahali ambapo mfupa haujafunga.

Uvujaji huu una madaraja 4. La kwanza, damu hubaki kitaluni. La pili, huingia katika vyumba vya maji. La tatu, vyumba hivyo hupanuka. La nne, ubongo wenyewe huumia. Wengi wa madaraja mawili ya kwanza hukua vizuri. Madaraja ya juu yaweza kuleta kifo, kukakamaa kwa viungo au ugonjwa wa kichwa maji, ambao huenda ukahitaji upasuaji.

Damu ikishavuja, hakuna dawa ya kuirudisha. Basi tufanyeje? Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kuwa mama akidungwa dawa ya steroidi kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa dawa hiyo hupunguza pia kuvuja damu ubongoni. Shirika la Afya Duniani liliijaribu katika nchi 5, Kenya ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2020 yalithibitisha kuwa huokoa maisha ya wachanga.

Lakini sindano haiwezi kumfuata mama nyumbani! Lazima awe hospitalini mapema, daktari apime umri wa mimba na kuamua. Tena, mtoto mdogo husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa ndani ya leso kwenye matatu. Akishazaliwa, kitovu kisikatwe kwa haraka ikiwa hali inaruhusu, na mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto.

Mtoto wa ploti yetu alikuwa wa daraja la tatu. Leo anacheka na anatambua sauti ya nyanya yake, ila miguu yake bado imekakamaa, na mama humpeleka kufanyishwa mazoezi. Juzi nyanya aliniambia, "Mjukuu wangu, maumivu yalianza jioni. Tukadhani ni tumbo tu, tukasema tungoje kuche."

Ndugu msomaji, ukisikia dada, shangazi au jirani mjamzito analalamika maumivu ya tumbo kabla ya miezi kutimia, anatokwa na maji au damu, usiseme ni mapema mno. Kwa sababu ni mapema, ndipo msingoje kuche.