Dhahabu ya Nyarugusu na Hesabu za Soko la Dunia

Dhahabu inayotoka katika maduara ya Nyarugusu, mkoani Geita, ni bidhaa ya soko la dunia. Bei yake ya rejea hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, kwa mnada ambao tangu Machi 2015 huendeshwa kwa kompyuta. Hata hivyo, kwa miaka mingi mchimbaji mdogo aliuza dhahabu yake bila kujua kwa hakika mambo mawili: bei ya siku hiyo na usafi wa mali yake. Aliyeyajua ni dalali, naye alifaidika.

Leo bei husomwa katika simu ya mkononi. Usafi hupimwa kwa kifaa cha eksirei. Ikumbukwe kwamba dhahabu ya asili huchanganyika na fedha, shaba na metali nyingine. Eksirei ikiipiga atomu, hung'oa elektroni ya ndani. Elektroni ya nje inaposhuka kujaza pengo, atomu hutoa mionzi yenye nishati maalumu kwa elementi hiyo. Kifaa huihesabu mionzi hiyo, na kompyuta iliyo ndani yake huonyesha asilimia ya kila metali.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme bei ni dola 3,000 kwa wakia moja, yaani gramu 31.1. Gramu moja ya dhahabu safi ni dola 96.46. Mchimbaji mwenye gramu 20 zenye usafi wa asilimia 85 ana gramu 17 za dhahabu halisi, zenye thamani ya dola 1,640 kabla ya mrabaha na ada. Akidanganywa kuwa usafi ni asilimia 75, atapata dola 1,447. Atapoteza dola 193 kwa kukosa kipimo.

Kifaa hicho nacho kina mipaka: hupima tabaka jembamba la juu tu. Kwa hiyo dhahabu huyeyushwa kwanza ili ichanganyike sawasawa. Soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019 lilikusudiwa kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi mbele ya maofisa wa serikali, ili vipimo na bei viwe wazi kwa pande zote.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: watafute bei ya leo, kisha wakokotoe upya kwa shilingi. Simu huleta bei, lakini kuitumia kwahitaji hesabu.