Gilly: mwezi mdogo ambako kubaki chini ni kazi kuliko kuruka

Tarehe 10 Disemba mwaka 2022, katika uwanja wa Al Thumama mjini Doha, mshambuliaji wa Morocco Youssef En-Nesyri aliruka juu ya kipa wa Ureno na kufunga kwa kichwa bao lililoipa Afrika timu yake ya kwanza katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mruko wenyewe ulikuwa wa kufumba na kufumbua. Dunia ilimvuta, naye akarejea chini.

Je, mruko wa namna hiyo ungekuwaje mahali ambapo nguvu ya uvutano ni hafifu mno?

Jibu moja linapatikana katika Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta unaoigiza safari za anga za juu, uliobuniwa na kampuni ya Squad ya Mexico na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Mchezaji huunda roketi yake mwenyewe, na mwendo wa roketi hiyo hutawaliwa na kanuni za fizikia.

Miongoni mwa magimba ya mchezo huo umo Gilly, mwezi mdogo unaoizunguka sayari ya zambarau iitwayo Eve. Eve imefananishwa na Zuhura, ingawa Zuhura halisi haina mwezi hata mmoja. Upana wa Gilly ni kama kilomita 26 tu, lakini vilele vyake hupita mita 6,000, yaani juu kuliko Kilimanjaro. Hauna hewa, na umbo lake ni la mabonde na vilima visivyo na mpangilio.

Mzani wa gramu 400

Uvutano wa Gilly ni sehemu moja kati ya 200 ya ule wa dunia. Mtu mwenye uzito wa kilo 80 angepanda kwenye mzani akaona gramu 400. Anayeweza kujiinua nusu mita hapa duniani angepanda mita 100 huko, na angekaa angani kwa zaidi ya dakika mbili. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa usingerudi kamwe.

Kwa hiyo kuondoka Gilly hakuhitaji mafuta mengi. Tabu ni kutua. Chombo kilichoachwa kidondoke kutoka kilomita moja huchukua zaidi ya dakika tatu kufika chini, na miguu yake ikigusa mteremko kwa kishindo kidogo tu, hudunda na kupaa upya.

Yaliyoipata Philae

Jambo hilo si la mchezo pekee. Tarehe 12 Novemba mwaka 2014, chombo cha Ulaya kiitwacho Philae kilitua juu ya nyota ya mkia 67P, ambayo upana wake ni takriban kilomita nne. Kiligusa chini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hata hivyo chusa zake, zilizokusudiwa kukifunga ardhini, hazikufyatuka. Philae ilidunda hadi kimo cha kilomita moja hivi na kuelea kwa karibu saa mbili. Hatimaye ilitulia kivulini mwa jabali, mahali ambapo jua halikutosha kuchaji betri zake. Ndani ya siku tatu ikanyamaza.

Chombo cha Marekani OSIRIS-REx kilitumia njia nyingine. Mwezi Oktoba mwaka 2020 kiliushukia mwamba wa angani uitwao Bennu, wenye upana wa mita 500 hivi, bila kujaribu kukaa. Kiliugusa kwa sekunde chache, kikachota mchanga na kokoto, kisha kikawasha injini na kuondoka. Shehena hiyo iliwasili duniani Septemba mwaka 2023.

Mchezaji wa Gilly hujifunza somo hilo hilo bila kupoteza chombo cha thamani: pale uvutano unapokuwa mdogo, mwendo wa kushuka nao sharti uwe mdogo, na injini isizimwe kwa pupa.