Chipu ya Simu Ndani ya Kompyuta ya Madrasa

Kamati yetu ya msikiti, hapa Tabora, ina swali mezani: kompyuta mpakato ya madrasa iwe na chipu ya kawaida, ya Intel au AMD, ama ile ya mtindo wa simu, iitwayo ARM? Fedha ni za waumini, na hatutazipata mara mbili.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshika njia ya Bagamoyo alipimiwa mzigo kabla ya kuondoka, kwani safari ilikuwa ya miezi. Chipu ya ARM, iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, nayo imepimiwa: amri zake ni nyepesi, hivyo hutumia umeme kidogo na haipati joto sana. Ndiyo maana ikatawala simu. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye chipu ya namna hiyo, isiyo na feni hata moja, na waliodhani ni ya kuchezea wakanyamaza. Mwaka 2024 zikafuata za Windows zenye Snapdragon X. Umeme ukikatika baada ya Magharibi, betri idumuyo ni neema.

Lakini programu nyingi za Windows ziliandikwa kwa ajili ya Intel. Windows yenyewe huzitafsiri zikaenda, pengine polepole. Programu iendeshayo printa, hata hivyo, haitafsiriwi. Sharti mtengenezaji aiandike upya. Printa yetu ni kongwe, nayo ndiyo ichapayo mitihani ya watoto.

Tumependekeza isinunuliwe ARM mpaka muuzaji aturuhusu kuijaribu na printa hiyo. Wazee wawili hawakuafiki. Wao wanaitazama betri. Kikao ni Ijumaa, baada ya sala.