Makosa ya Uundaji wa Maneno katika Insha za Kiingereza: Mfano wa Turkana

Mwanafunzi wa Kiturkana atokaye Kaaleng akaenda kusoma chuoni Lodwar hubeba lugha tatu: Kiturkana cha nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Insha zake za kitaaluma huandikwa kwa Kiingereza, na humo yaweza kukutwa maneno kama *refusement* na *unpossible*. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makosa ya namna hii yana kanuni, wala yasihesabiwe kuwa uvivu.

Kwanza, tuangalie nomino. Katika Kiturkana, jinsia na idadi huonyeshwa kwa kiambishi awali: *aberu* ni mwanamke, *ngaberu* ni wanawake. Kiswahili nacho huunda nomino nyingi za dhahania kwa *u-*: uzuri, utu, umoja. Kiingereza hakina kiambishi kimoja chenye upana huo. Kina *-ness* cha asili yake, pamoja na *-ity*, *-ment* na *-al* vilivyoingia hasa kwa njia ya Kifaransa na Kilatini baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. *Agree* huchukua *-ment*, *refuse* huchukua *-al*. Aandikaye *refusement* amekwisha kujua kwamba *-ment* huunda nomino kutokana na kitenzi. Asichokijua ni mpaka wa kanuni hiyo.

Pili, ukanushi. *Un-* ni cha asili. *In-* ni cha Kilatini, na hugeuka *im-* mbele ya *p*, *b* na *m*. Uteuzi kati ya viwili hivyo hauna budi kujifunzwa neno kwa neno, lakini umbo *im-* hutabirika. Mwalimu aweza kulieleza kwa Kiswahili: twasema nyumba mbaya, lakini nyumba ndefu, kwa kuwa nazali hulingana na konsonanti iifuatayo.

Je, lugha ya mama ndiyo chanzo? Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, pafaa kwa upimaji. Kosa likiwa moja kwa Mturkana, Msomali na Mdinka, yaelekea chanzo chake kimo katika Kiingereza chenyewe. Likitofautiana, ndipo tuzichunguze lugha za mama.

S. P. Corder alieleza mwaka 1967 kwamba kosa ni ushahidi wa hatua aliyofikia mwanafunzi. Basi msahihishaji apunguzaye alama za hoja kwa sababu ya kiambishi humhukumu mwanafunzi kwa jambo asiloulizwa. Yafaa alama za lugha zitengwe na za hoja, na maneno yafundishwe pamoja na jamaa zake: *refuse* na *refusal*, *approve* na *approval*.