Gari la Mobius na Pakiti Yako ya Dagaa: Soma Hapa Kabla Hujaanzisha Brandi Yako

Wapambanaji wa Kasingirima, Mwanga, Gungu, Kibirizi, Ujiji na nyote mnaouza kupitia simu mkoani kwetu, leo tunazungumzia magari. Usipite, linakuhusu.

Kila wiki swali ni hilihili: "Nimechoka kuuza bidhaa za watu, nataka jina langu. Nianzie wapi?" Mwingine anauza dagaa, mwingine mawese, mwingine sabuni au vitenge. Wote wanataka pakiti yenye jina lao. Ni ndoto nzuri, lakini imemeza mitaji ya watu wengi. Basi tuangalie waliotaka kuweka jina lao kwenye kitu kigumu kuliko pakiti, yaani gari.

MOBIUS, GARI LA KENYA

Mwingereza mmoja, Joel Jackson, alikuja Kenya kufanya kazi na mradi wa wakulima wadogo wanaopanda miti. Huko vijijini aliona tatizo ambalo sisi tunalijua vizuri: barabara mbovu, na gari la kubeba watu na mizigo ama halipo, ama ni bovu, ama ni ghali. Akaanzisha kampuni, Mobius Motors. Wazo lake lilikuwa gari gumu, la bei ya chini, ambalo mtu wa kawaida kijijini angelinunua na kulifanyia biashara.

Angepunguzaje bei? Alitoa kila alichoona si cha lazima. Mobius II ya mwanzo ilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, imara kweli, lakini haikuwa na kiyoyozi wala madirisha ya vioo. Bei yake ilikuwa kama shilingi 950,000 za Kenya.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kenya inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika kutoka nje mradi yasizidi miaka 8, na mengi yanatoka Japani. Kwa hiyo mtu mwenye karibu milioni moja mkononi alikuwa na chaguo lingine: Toyota iliyotumika. Ina vioo. Ina kiyoyozi. Spea zipo kila duka, fundi yupo kila kona, na siku akikwama anaiuza haraka.

Mobius hawakukata tamaa. Wakatoa toleo jipya la Mobius II, lililoboreshwa, bei ikianzia shilingi milioni 1.3. Mwaka 2021 wakatangaza Mobius III, gari la kifahari zaidi, bei ikianzia shilingi milioni 3.95. Piga hesabu: kutoka 950,000 mpaka 3,950,000 ni zaidi ya mara nne. Mteja wa kwanza, yule wa kijijini, hapo hayupo tena. Sasa unamtafuta mtu wa mjini mwenye hela, ambaye naye ana magari mengi ya kuchagua.

Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafungwa kwa hiari kwa sababu ya matatizo ya fedha. Siku chache baadaye ikasema imepata mnunuzi. Zaidi ya miaka 10 ya kazi ikafika mahali pa kusubiri mtu wa kuiokoa.

Tusiwacheke. Kutengeneza gari Afrika Mashariki ni kazi ya wanaume na wanawake wa shoka. Hata sisi tuna Nyumbu pale Kibaha, na Kenya yenyewe ilishajaribu Nyayo Pioneer mwaka 1990 isifike sokoni. Sisi tuchukue somo.

UPANDE WA PILI: MUUZAJI ALIYENUNUA GARI

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ilianza kuuza gari dogo la michezo, Lotus Seven. Unaweza kulinunua likiwa vipande, ukaenda kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu kodi ya mauzo ya wakati ule iliyotozwa kwenye gari zima haikutozwa kwenye gari la vipande. Unafuu ulikuwa mkubwa.

Mwaka 1973 Uingereza ikafuta kodi ile na kuleta VAT, na ule unafuu wa vipande ukaisha. Lotus wenyewe walikuwa wanataka kuhamia kwenye magari ya bei kubwa, Seven hawakuitaka tena. Nani aliichukua? Muuzaji wao. Graham Nearn wa Caterham Cars, aliyekuwa anauza gari hilo dukani kwake, alinunua haki ya kulitengeneza.

Angalia alichofanya. Alianza na toleo la nne, lile la mwisho la Lotus. Lakini yeye alikuwa ameuza gari hili kwa miaka, alijua wateja wanapenda lipi. Mwaka 1974 akarudi kwenye toleo la tatu, la zamani zaidi. Gari hilo, likiboreshwa kidogokidogo, linatengenezwa mpaka leo. Na mwaka 2021 Caterham ilinunuliwa na VT Holdings ya Japani. Unajua hao walikuwa nani? Ndio waliokuwa wanaagiza na kuuza Caterham kule Japani. Mara mbili, kiwanda kimechukuliwa na muuzaji!

Kwa hiyo usione aibu kuuza bidhaa za watu. Muda huo unajua nani ananunua, anauliza nini, analalamikia nini, na anarudi baada ya siku ngapi. Mwenye kiwanda anaweza asijue hayo. Wewe unayo kwenye simu yako, bure.

SASA KWAKO MPAMBANAJI

1. Mshindani wako si yule mwenye pakiti kama yako. Mobius hawakushindana na Mobius nyingine, walishindana na Toyota iliyotumika. Dagaa wako wa pakiti hawashindani na ukurasa mwingine tu, wanashindana na dagaa wa kupima walioko sokoni karibu na mteja wako Dar au Dodoma. Jiulize: kwa nini asubiri mzigo wako siku mbili? Kama jibu ni "wamechambuliwa, hawana mchanga, ni wa Kigoma kweli", basi hilo ndilo unaloliuza. Liandike kwenye kila posti.

2. Punguza gharama mahali mteja hapaoni. Mobius walitoa vioo, kitu ambacho abiria anakikosa siku ya kwanza ya vumbi au mvua. Wewe usipunguze uzito wala usafi. Punguza mapambo ya boksi.

3. Usifungie mtaji kwenye jina. Hapa ndipo wengi wanakufa. Tuchukue mfano (weka bei zako mwenyewe): mchapishaji anakuambia mifuko yenye jina lako ni kuanzia 1,000, kila mmoja Sh 400. Hiyo ni Sh 400,000. Unauza pakiti 60 kwa mwezi. Mifuko hiyo itakaa kama miezi 17! Hela imelala stoo. Sasa chukua mifuko 100 ya kawaida kwa Sh 200 na stika 100 kwa Sh 350. Jumla Sh 55,000. Ndiyo, kila pakiti imekugharimu Sh 150 zaidi, lakini Sh 345,000 umebaki nayo ya kununulia dagaa. Mteja akisema maandishi hayasomeki, unabadilisha stika, hujatupa mifuko 900.

4. Usijenge biashara juu ya unafuu wa mtu mwingine. Gari la vipande lilibebwa na kodi, kodi ikabadilika. Kama faida yako yote inatokana na dereva wa basi anayekubebea mzigo kwa bei ya kirafiki, siku akihamishwa njia umekwisha. Weka nauli halisi kwenye bei yako tangu leo.

5. Ukipandisha bei mara nne, umebadilisha mteja. Si dhambi, lakini jua kwamba unaanza upya. Wale 60 wa zamani usiwaache kabla hujapata wapya.

KAZI YA WIKI HII: fungua WhatsApp yako, tafuta wateja 10 waliorudi kununua mara mbili au zaidi. Waulize swali moja tu: "Kilichokurudisha ni nini?" Andika majibu kwenye daftari. Hayo ndiyo yaende kwenye stika yako, kabla ya jina, kabla ya nembo.

Ukishapata majibu, tuandikie hapo chini unauza nini na wateja wamesema nini. Na kama una mwenzako anayetaka kwenda kuchapisha mifuko 1,000 kesho asubuhi, mtumie hii usiku huu.